Daktari anapomaliza kazi yake, nani humpokea askari wa zamani?

Katika hospitali za wanajeshi wa zamani nchini Marekani hufika asubuhi ambayo daktari husimama kando ya kitanda na kutamka maneno ambayo wagonjwa wengi huyasubiri kwa hamu: sasa unaweza kwenda nyumbani. Kidonda kimefunga, homa imeshuka, mguu wa bandia umekaa sawasawa. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa hao, neno "nyumbani" ndilo lenye matatizo.

Yupo ambaye kabla ya kulazwa alikuwa akilala ndani ya gari. Yupo mwenye nyumba, ila iko ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Yupo ambaye mkewe amemuuguza kwa miaka mingi hata naye amekuwa mgonjwa. Na yupo ambaye kinachomngoja nyumbani ni chupa ya pombe na bunduki iliyomo kabatini, bila ya mtu mwingine wa kumfungulia mlango.

Hapo ndipo inapoonekana kazi ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Yeye hachomi sindano wala haandiki dawa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba tiba aliyoitoa daktari haipotei bure mara tu mgonjwa anapovuka lango la hospitali.

Wizara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama VA, ina hospitali takriban 170 na zahanati zaidi ya 1,000, na watu wapatao milioni 9 wameandikishwa kutibiwa humo. Wizara hiyo ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote nchini humo wa wafanyakazi wa ustawi wa jamii wenye shahada ya uzamili. Idadi yao inazidi 15,000.

Chimbuko la kazi hii

Fikra ya kumweka hospitalini mtu asiyetibu ila anayeulizia maisha ya mgonjwa ni ya zamani kidogo. Jijini London, Hospitali ya Royal Free ilimwajiri Mary Stewart kwa kazi ya namna hiyo mwaka 1895. Jijini Boston, mwaka 1905, Daktari Richard Cabot wa Hospitali Kuu ya Massachusetts alichoka kuona wagonjwa wale wale wakirudi na maradhi yale yale. Alitambua kwamba haina maana kumwandikia maziwa, mayai na mapumziko mtu ambaye hana fedha za kununua mkate, wala mwajiri wa kumpa likizo. Akaanzisha idara ya ustawi wa jamii, ambayo baadaye iliongozwa kwa miaka mingi na Ida Cannon, aliyekuwa muuguzi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta mgonjwa wa aina nyingine. Askari walirudi kutoka kwenye mahandaki ya Ufaransa bila ya jeraha la kuonekana, lakini walitetemeka, walipoteza sauti, au walishtuka kwa kila kishindo. Mwaka 1918 Chuo cha Smith, katika jimbo la Massachusetts, kilianza kuwafundisha wanawake namna ya kuwahudumia askari hao. Mafunzo hayo ndiyo yaliyokuja kuwa msingi wa elimu ya ustawi wa jamii katika magonjwa ya akili nchini Marekani.

Mnamo Juni 1926 serikali ya Marekani ilianzisha rasmi huduma hiyo kwa wanajeshi wa zamani. Walioanza walikuwa watu 36 tu: 14 katika hospitali za magonjwa ya akili na 22 katika ofisi za mikoa. Kutoka watu 36 hadi zaidi ya 15,000 ni safari ya karibu miaka 100, na kila vita imeongeza kitu katika safari hiyo. Vita vya Vietnam, kwa mfano, vilichangia sana kuwafanya madaktari wa Marekani wautambue rasmi mwaka 1980 ugonjwa wa kiwewe cha baada ya vita, ambao kabla ya hapo uliitwa majina mengi, mengine ya kejeli.

Maswali kabla ya majibu

Kazi huanza kwa mazungumzo. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii huvuta kiti, huketi karibu na mgonjwa, na kuuliza mambo ambayo pengine hakuna aliyewahi kuyauliza. Unaishi na nani? Nani hukupikia? Kuna ngazi ngapi hadi mlangoni? Mara ya mwisho kulala usiku kucha bila ya kuota vita ilikuwa lini? Unakunywa kiasi gani? Fedha zinaishia lini kila mwezi? Siku ukiwa huwezi kusema, nani aseme kwa niaba yako?

Mfano wa kufikirika, ambao hata hivyo unafanana na visa vingi vya kweli, unaweza kuonyesha faida ya maswali hayo. Tuseme amelazwa mtu mwenye umri wa miaka 45, aliyepigana Iraq, ambaye kisukari kimemharibu mguu. Mara ya tatu sasa anaingia wodini kwa tatizo lilelile. Katika faili lake yameandikwa maneno ambayo madaktari wa kila nchi wanayajua: mgonjwa hafuati masharti ya dawa.

Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anapoketi naye kwa saa nzima, hadithi inageuka. Umeme nyumbani umekatwa kwa sababu ya deni. Friji haifanyi kazi, na akiba ya insulini aliyopewa iliharibika kwa joto. Hakumwambia daktari, kwa sababu mtu aliyewahi kuongoza askari kumi vitani anaona haya kukiri kwamba ameshindwa kulipa bili ya umeme.

Kumbe tatizo halikuwa ukaidi. Suluhisho la kwanza halitoki kwenye duka la dawa, bali linatokana na barua kwa kampuni ya umeme na ombi kwa mfuko wa hisani. Daktari angeweza kuongeza kipimo cha dawa hata mara kumi na asipate nafuu yoyote, kwa kuwa swali la friji halimo katika vipimo vya maabara.

Msitu wa karatasi

Sehemu kubwa ya kazi hii ni sheria na fomu. Askari wa Marekani anapoacha jeshi hupewa hati inayoeleza namna alivyoachishwa. Aliyeachishwa kwa heshima milango yote iko wazi kwake. Aliyeachishwa kwa masharti mabaya huweza kukuta mingi imefungwa, hata kama kosa lililomwondoa jeshini, kwa mfano ulevi au utoro, lilitokana na kiwewe alichokipata vitani. Watu wa namna hii wanaweza kuomba hati zao zichunguzwe upya, lakini wengi hawajui.

Kisha kuna asilimia za ulemavu. Jeraha au ugonjwa uliotokana na utumishi hupimwa kwa kiwango cha kuanzia 0 hadi 100, kwa kupanda kumi kumi. Nambari hiyo ndiyo inayoamua fidia ya kila mwezi, na mara nyingi huduma nyinginezo. Mwenye asilimia 70 au zaidi, kwa mfano, ana haki ya kulipiwa makao ya wauguzi akiyahitaji kitabibu. Sheria iliyopitishwa mwezi Agosti 2022 iliongeza orodha ya magonjwa yanayochukuliwa kuwa yametokana na utumishi, yakiwemo yale yanayohusishwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika kambi za Iraq na Afghanistan.

Mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini si yeye anayetoa asilimia hizo. Uamuzi uko upande mwingine wa wizara. Anachofanya ni kumwonyesha mgonjwa mlango ulipo, kumwunganisha na wakala wa kumwandikia madai, na kumtia moyo anapokataliwa mara ya kwanza. Kwa mtu mwenye maumivu, au ambaye mlipuko umemwathiri ubongo hata hakumbuki tarehe, msaada huo ndio tofauti kati ya kupata haki na kuikata tamaa.

Pa kulala kwanza

Katika hesabu ya usiku mmoja ya mwaka 2010, Marekani ilikuta wanajeshi wa zamani zaidi ya 74,000 hawana makazi. Katika hesabu ya namna hiyo ya Januari 2024 walikuwa wasiofika 33,000. Bado ni wengi, lakini kupungua kwa zaidi ya nusu si jambo dogo, hasa ikizingatiwa kwamba idadi ya jumla ya watu wasio na makazi nchini humo mwaka 2024 ilifikia kiwango cha juu.

Mpango uliochangia sana ni ule wa vocha za nyumba, ulioanza mwaka 1992 na kupanuliwa kuanzia 2008. Wizara ya nyumba hutoa vocha inayolipa sehemu kubwa ya kodi, na VA hutoa mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayemfuatilia mpangaji. Msingi wake ni kwamba mtu hapaswi kulazimishwa aache pombe au apone kwanza ndipo apewe nyumba. Apewe ufunguo kwanza, kwa sababu ni vigumu mno kumeza dawa kwa saa, kuhudhuria kliniki au kuacha ulevi ukiwa unalala chini ya daraja.

Vocha peke yake haitoshi. Mwenye nyumba anaweza kukataa kumpangisha mtu mwenye madeni au kumbukumbu ya jela. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii ndiye anayemwendea, anayempa namba ya simu ya kupiga likitokea tatizo, na anayerudi baada ya mwezi kuona kama mpangaji ana sufuria na godoro.

Anayeuguza naye huumia

Nyuma ya askari wengi waliojeruhiwa yuko mke, mume, mama au dada ambaye kila siku humgeuza kitandani, humwogesha, na kukesha naye. Kwa miaka mingi watu hao hawakuwemo katika hesabu yoyote. Sheria ya mwaka 2010 iliwatambua, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa kuwapa posho ya kila mwezi, bima ya afya kwa wasiokuwa nayo, mafunzo, na siku za kupumzika zisizopungua 30 kwa mwaka.

Mwanzoni mpango huo uliwahusu waliojeruhiwa tangu Septemba 11, 2001 tu. Wake za askari wa Vietnam, ambao wengi wao walikuwa wameuguza kwa miaka 40, waliachwa nje. Sheria ya mwaka 2018 iliwafungulia mlango kwa awamu, na kufikia Oktoba 2022 vizazi vyote vya wanajeshi vikawa vimeingizwa. Masharti hata hivyo ni makali, na familia nyingi zimelalamika kukataliwa au kuondolewa.

Mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye uzoefu hujifunza kumtazama anayeuguza kama anavyomtazama mgonjwa. Mikono inayotetemeka, sauti ya ukali isiyo ya kawaida, au ziara ya kliniki iliyokosekana mara mbili ni dalili kwamba nyumba inaelemewa. Na askari anapofariki, mjane anahitaji kuelezwa haki zake: kaburi katika makaburi ya taifa bila ya malipo, jiwe la kaburi, bendera, na pengine posho yake mwenyewe.

Swali gumu kuliko yote

Lipo swali ambalo lazima liulizwe kwa maneno ya wazi: umefikiria kujiua? Takwimu za VA zinaonyesha kwamba mwaka 2022 wanajeshi wa zamani 6,407 walijiua, na zaidi ya asilimia 70 kati yao walitumia bunduki. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, bali mara nyingi humwondolea upweke wa kulibeba peke yake.

Jibu likiwa ni ndiyo, mfanyakazi wa ustawi wa jamii huandika pamoja na mgonjwa mpango wa usalama: dalili zinazotangulia, watu wa kupigia simu, mahali pa kwenda. Huzungumza naye pia kuhusu bunduki. Katika nchi ambayo kumiliki silaha ni haki ya kikatiba, na kwa mtu ambaye silaha ilikuwa sehemu ya kazi yake, mazungumzo haya yanahitaji adabu. Mgonjwa hunyang'anywi kitu, ila huulizwa kama rafiki anaweza kumtunzia kwa muda, au kama atakubali kuweka kufuli na kumwachia mtu mwingine ufunguo. Hatari hiyo huweza kuja na kupita kwa dakika chache, na kufuli huchelewesha mkono hadi wimbi lipite.

Simu ya msaada kwa wanajeshi wa zamani ilianza mwaka 2007, na tangu 2022 mtu aliyeko Marekani huipata kwa kupiga 988 kisha kubonyeza 1. Tangu Januari 2023 wengi wa wanajeshi hao walio katika hatari ya kujiua wanaweza kutibiwa dharura hiyo bila ya malipo katika hospitali yoyote, hata kama hawajaandikishwa VA.

Mipaka ya kazi

Si sahihi kudhani kwamba mfumo huu hauna kasoro. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba katika hospitali ya VA ya Phoenix kulikuwa na orodha za siri zilizoficha muda mrefu ambao wagonjwa walisubiri kumwona daktari, na waziri wa wakati huo, Eric Shinseki, alilazimika kujiuzulu. Mwezi Julai 2025 wizara ilitangaza kwamba ingepunguza wafanyakazi karibu 30,000, zaidi kwa njia ya kustaafu na kutojaza nafasi zilizoachwa.

Kuna pia mgongano wa ndani wa kazi yenyewe. Hospitali inahitaji kitanda kwa mgonjwa mwingine. Mgonjwa aliyelala juu yake hana pa kwenda. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii ameajiriwa na hospitali, lakini kiapo cha taaluma yake ni kumtetea mgonjwa. Wakati mwingine hulazimika kumwambia daktari kwamba ruhusa iliyoandikwa asubuhi haifai kutekelezwa jioni. Wakati mwingine mgonjwa mwenye akili timamu huamua kurudi kwenye gari lake, na hakuna la kufanya ila kumpa blanketi, namba ya simu, na ahadi kwamba mlango uko wazi.

Waafrika Mashariki katika foleni hiyo

Habari hizi haziko mbali na wasomaji wa Kiswahili kama zinavyoweza kuonekana. Tangu mwaka 2002 amri ya rais wa Marekani imewaruhusu wahamiaji wanaotumikia jeshi kuomba uraia haraka, na vijana wengi kutoka Kenya na nchi jirani wamepitia njia hiyo. Kati ya mwaka 2009 na 2016 jeshi hilo liliandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha maalumu hata kabla hawajapata kibali cha ukaazi wa kudumu, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo.

Wengi wa vijana hao leo ni wanajeshi wa zamani. Baadhi yao hawagusi huduma hizi, ama kwa kudhani ni za waliokatika viungo tu, ama kwa kuogopa kwamba neno "kiwewe" likifika kwa ndugu nyumbani litageuka kuwa "wazimu". Mazungumzo na mfanyakazi wa ustawi wa jamii ni siri ya kitaaluma, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini.

Anayerudi kuishi Afrika Mashariki anapaswa kujua zaidi. Fidia ya ulemavu humfuata popote, na upo mpango unaolipia matibabu ya nje ya Marekani kwa magonjwa yaliyothibitishwa kuwa yametokana na utumishi. Vocha ya nyumba haivuki mpaka, na nje ya Marekani na himaya zake VA ina zahanati moja tu, iliyoko Manila, Ufilipino. Kwa hiyo ni busara kukamilisha fomu na vipimo kabla ya kupanda ndege.

Afrika Mashariki yenyewe inalijua tatizo hili. Askari wa King's African Rifles waliotoka Burma mwaka 1945 walirudi vijijini na kiinua mgongo kidogo kuliko cha wenzao wazungu, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza walilalaje. Uganda iliwapunguza jeshini askari zaidi ya 36,000 kati ya mwaka 1992 na 1995, kwa mpango uliowapa vifaa na fedha za kuanzia maisha. Na hospitali kubwa za Tanzania na Kenya zina maafisa wa ustawi wa jamii, ambao wananchi wengi huwajua kwa jambo moja tu: kutoa msamaha kwa asiyeweza kulipa.

Kusamehe deni ni sehemu tu ya kazi yao. Yule mgonjwa wa kisukari wa mfano wetu hakudaiwa chochote na hospitali. Alihitaji mtu wa kuketi naye kwa muda wa kutosha hadi aweze kutamka, bila ya haya, kwamba nyumbani kwake hakuna umeme.